Anayejua hesabu si lazima ajue kuzifundisha

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mno, na wiki hii imerudi tena, safari hii kutoka kwa injinia mmoja kwenye kundi la wazazi: hesabu za darasa la tatu anaweza kufundisha mtu yeyote mwenye akili zake. Alikuwa anapendekeza wastaafu wa fani za sayansi wakazibe pengo la walimu. Nia njema, hoja mbovu. Hapa Tanzania tulishalijaribu jambo linalofanana na hilo: shule za kata zilipoongezeka kwa kasi, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi wakaingizwa darasani, na mtaa ukawabatiza "voda fasta". Masomo yao waliyajua. Niishie hapo.

Nataka kumzungumzia Deborah Ball, kwa sababu kazi yake yote ni jibu la sentensi hiyo. Alifundisha shule ya msingi Michigan, Marekani, kwa zaidi ya miaka 15, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1988, akawa profesa, kisha mkuu wa kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 2005 hadi 2016. Vyeo tuviache. Kinachonigusa ni kwamba uprofesa haukumtoa darasani. Mwaka wa masomo wa 1989/90 alifundisha hisabati darasa la tatu katika shule moja ya East Lansing, na vipindi vyake vikarekodiwa. Maprofesa wangapi wa elimu unaowajua wangekubali kamera mbele ya watoto wa miaka minane? Mimi mwenyewe ningeomba muda wa kufikiri.

Januari 1990, mtoto ambaye kwenye maandishi ya Ball anaitwa Sean alidai kwamba 6 ni shufwa na pia ni witiri. Kwa nini? Kwa sababu 6 ni mbili tatu (2 + 2 + 2), na tatu ni witiri.

Injinia wangu angemaliza hapo kwa sekunde mbili: "Hapana. Sita inagawanyika kwa mbili bila baki, ni shufwa, kaa chini." Na asingekuwa amekosea kihisabati. Ball hakumkalisha. Aliwaachia wenzake Sean wamjibu. Msichana aitwaye Mei akaja na 10: hiyo nayo ni mbili tano, na tano ni witiri, kwa hiyo nayo utaiita hivyo? Tukienda hivi si namba zote zitakuwa shufwa na witiri? Sean akamshukuru kwa kumwonyesha, akaiongeza 10 kwenye orodha yake! Nimelisimulia hili mara nyingi na bado linanichekesha.

Sasa tazama kilicho chini yake. Mtoto yule alikuwa ameona kundi halisi la namba: 2, 6, 10, 14, 18, yaani mbili mara witiri. Kosa lake lilikuwa la jina tu, maana witiri lina maana yake tayari. Wagiriki wa kale walilijua kundi hilo, na Euclid, mwanahisabati wao, analitaja. Ball aliamua kuzipa jina, "namba za Sean", darasa likaendelea kuzichunguza. Ili uamue hivyo papo hapo, watoto wanakutazama, ni lazima uone mambo mawili kwa pamoja: kwamba jibu si sahihi, na kwamba ndani yake kuna hisabati. Hilo la pili shahada ya uhandisi haikupi. Hata Hyman Bass, mwanahisabati mkubwa wa aljebra, alikuja kukaa na Ball kuzitazama rekodi hizo ili aone hisabati gani mwalimu anaitumia.

Na je, watoto walichanganyikiwa? Kwenye jaribio lililofuata walieleza witiri vizuri, na hakuna aliyeiweka 90 kwenye sehemu ya mchoro inayokutanisha shufwa na witiri, ingawa 90 ni namba ya Sean.

Kama bado huamini, chukua 402 − 157. Mtoto mmoja kaandika 355, mwingine 255. Mtu yeyote anaweza kuweka mkasi kwenye yote mawili. Lakini wa kwanza hakukopa kabisa: kila safu ametoa ndogo kwenye kubwa, haoni 402 kama namba moja. Wa pili anajua kukopa, ila amesahau kwamba sifuri iliyogeuka makumi kumi imeshawapa mamoja kumi moja, ikabaki na tisa. Ukiwapa wote wawili maelezo yale yale, mmoja umempotezea muda. Kisha kuna wa tatu: 157 hadi 160 ni 3, hadi 400 ni 240, na 2, jumla 245. Ni bahati au njia hiyo hufanya kazi siku zote? Walimu nimewaona wakimpa sifuri.

Sasa upande wa pili, maana vitabu huupita haraka. Mwaka 2005 Ball na wenzake, Heather Hill na Brian Rowan, walichapisha utafiti wa shule 115: watoto wa madarasa ya kwanza na ya tatu walipiga hatua zaidi kwa walimu wenye maarifa haya ya hisabati ya kufundishia. Vizuri. Lakini kwa darasa la kwanza pengo lilionekana hasa kwa walimu wenye maarifa ya chini kabisa. Ukishavuka pale, kuongeza maarifa hakukuonekana kuongeza mengi. Tena mipaka kati ya maarifa ya hisabati ya kawaida na haya ya kufundishia ni ya ukungu, na Ball na wenzake wamekiri. Nami nina shaka yangu: darasa la Sean lilikuwa la watoto ishirini na kitu. Sean akisimama kwenye darasa la watoto tisini, saa ngapi namsikiliza?

Jibu sina. Ninachofanya na wanachuo wangu wa ualimu ni kuwagawia madaftari yenye 355 na 255 na kuwauliza mtoto alikuwa anafikiri nini. Muhula wa kwanza wengi huandika "hakuwa makini". Nawarudishia waandike upya.