Magonjwa ya zinaa gerezani: tatizo linaanzia mapokezi

Mimi ni muuguzi, na nimehudumia wanawake magerezani hapa Kenya. Watu wa nje huniuliza: hao wamefungiwa wanawake peke yao, magonjwa ya zinaa wanayatoa wapi? Wengi wameingia nayo. Klamidia haina dalili kwa wanawake wengi, kisonono pia mara nyingi, na kaswende ikishapita hatua ya kidonda na vipele hukaa kimya mwilini kwa miaka. Wapo waliobakwa kabla ya kukamatwa au wakiwa tayari mikononi mwa dola. Mapenzi kati ya wanawake yapo pia, na trikomonasi, ugonjwa mwingine wa zinaa, huweza kupita hapo.

Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinataka mwanamke anapopokelewa gerezani achunguzwe afya, magonjwa ya zinaa yakiwemo, siri yake itunzwe, na kwa kawaida wahudumu wa afya peke yao ndio wawe chumbani. Lakini nimeona swali likiulizwa mezani, askari akiandika na mahabusu wengine wakisubiri nyuma. "Una ugonjwa wowote?" "Sina, madam." Angejibu nini kingine? Mwanamke huyo huyo, mlango ukifungwa na mazungumzo yakianza na hedhi na uzazi, hueleza maumivu ya nyonga aliyoyavumilia muda mrefu.

Kutibu kwa kufuata dalili peke yake hakutoshi. Asiye na dalili hapewi chochote. Anayelalamikia majimaji ukeni mara nyingi ana fangasi tu, au bakteria wa kawaida wa uke wamevurugika, lakini akitoka zahanati ameshaitwa mgonjwa wa zinaa, na habari hufika bwenini kabla yake. Huko huanza kulaumiwa choo, na yeye kukatazwa kukitumia. Nasema wazi: kisonono na kaswende havienezwi na choo. Kumtenga mwenzenu hakumkingi mtu yeyote.

Kwa kaswende hatuna kisingizio. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu ya kidole na dakika chache. Ikiwa ni ya karibuni, sindano ya benzathini penisilini ya yuniti milioni 2.4 inatosha mara moja. Ikiwa ya zamani au haijulikani ilianza lini, sindano 3, moja kila wiki. (Kipimo hicho kwa kawaida hubaki chanya hata baada ya kupona, kwa hiyo muulize kwanza kama aliwahi kutibiwa.) Kwa mjamzito usingoje: kaswende isiyotibiwa huweza kumuua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe akiwa mgonjwa, na humu ndani tunao akina mama waliofungwa pamoja na watoto wao wachanga.

Mahabusu ndio hunisumbua zaidi. Doksisaiklini, dawa ya klamidia, humezwa siku 7. Siku ya tatu anaitwa kortini, ndugu wanamlipia dhamana, anaondoka huko huko, na vidonge vyake vimebaki kwenye kabati la zahanati. Usiku ule anarudi kwa mwenzi ambaye hajatibiwa. Kwa hiyo, dozi iliyobaki iende naye kortini ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na barua ya kumwezesha mwenzi kutibiwa kituo chochote cha afya. Barua hiyo isiwe na jina la gereza wala muhuri wake.