Familia ya aliyetoa vitu ikija makumbusho: dhana potofu na ukweli

Makumbusho na hifadhi zetu za nyaraka zimejaa vitu vya watu, yaani mmoja alileta upanga wa babu yake, mwingine boksi la barua, mwingine kofia ya marehemu, na miaka ikipita watoto na wajukuu wanakuja kuviona. Hapo ndo mambo yanachanganyika, maana familia ina imani zake na sisi wa stoo tuna zetu, na nyingi sio kweli.

"Bado ni chetu, mzee alikiweka tu"

Hii ndo inaleta ugomvi kuliko zote. Ukweli ni kwamba inategemea mzee alikubaliana nini. Kama alitoa zawadi na akakabidhi, imeshahama mikono, kama aliweka amana tu basi familia inaweza kukidai. Shida zamani watu hawakuandikishana vizuri, unakuta kwenye rejista kamstari kamoja tu, "zawadi ya fulani", basi.

Alafu kwa familia za Kiislamu, ambazo huku pwani ndo nyingi, kuna na hili: hiba aliyoitoa mtu akiwa hai na ikapokelewa haiingii kwenye mirathi, lakini kama aliacha neno kwamba nikifa vitabu vyangu vipelekwe makumbusho, huo ni wasia, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali mpaka warithi wenyewe waridhie. Kwahiyo yule binamu anayekuja juu juu kwamba hakuulizwa, usimcheke, anaweza kuwa na hoja. Toa faili usome KABLA hawajafika, sio wamekaa mbele yako na chai imeshapoa ndo unatafuta funguo ya kabati.

Na sio kila kitu kilichobeba jina la mtu ni zawadi. Mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, ule unaoonyeshwa Kenya National Archives pale Moi Avenue Nairobi, wengi wanadhani aliutoa bure. Aliiuzia serikali.

Kinyume chake pia kipo, taasisi nayo inajidanganya kwamba ikishapewa boksi la barua imepewa kila kitu. Hapana. Karatasi ni kitu kimoja, hakimiliki ni kingine, na Tanzania na Kenya zote hakimiliki ya maandishi inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Mzee aliyefariki 1990, hakimiliki ya shajara yake iko mikononi mwa warithi mpaka mwisho wa 2040 kama hawakuisaini kwenu, yaani boksi unalo we lakini ukitaka kuchapisha kitabu unaenda kuwaomba wao.

"Tukifika tutakikuta kwenye kioo"

Makumbusho mengi yanaonyesha sehemu ndogo tu ya walivyonavyo, vingine vyote viko stoo. Familia inatoka Tanga na gari la kukodi, bibi amevaa nguo ya sikukuu, wanafika getini mlinzi hata hajui wanaongelea nini. Wapigie mapema, na kama kitu kimeliwa na mchwa au hakionekani, waambie kwenye simu hiyo hiyo. Kuna wanaoona kunyamaza ndo heshima, kumbe mtu akijua ukweli akiwa nyumbani kwake analia na watu wake, akijua kwenu analia mbele ya wageni.

"Vaa glavu nyeupe, ushike chochote"

Hii imetokana na tv nadhani. Kwa karatasi na vitabu, mikono iliyonawa ikakauka vizuri ndo bora, glavu za pamba zinakuondolea hisia za vidole unachana ukurasa bila kujua. Glavu ni za picha, vyombo vya madini ya fedha, shaba, vitu ambavyo chumvi na mafuta ya vidole yanaviacha na alama. Na huku kwetu kuna la ziada ambalo vitabu vya wazungu hawaandiki: mtu anakuja amejifukiza udi, amepaka marashi na mafuta ya nazi, na akiiona kofia ya baba yake kitu cha kwanza anataka kuinusa, kuibusu au kuivaa kabisa.

Hapo usikimbilie kusema "hairuhusiwi". Mwambie sababu, maana ipo na ni ya kumlinda yeye: vitu vingi vya ngozi, manyoya na nguo vilivyokaa kwenye makusanyo ya zamani vilipigwa dawa za wadudu, kulikuwa na arseniki, baadaye DDT, na vinabaki humo miaka mingi. "Shikamoo bibi, naomba tusiiweke usoni, ilipuliziwa sumu zamani." Bibi atakuelewa mara moja. Mpe kiti, weka kofia kwenye trei mbele yake, muache nayo kidogo. Akitaka kumsomea marehemu Fatiha mpishe tu, we simama pembeni.

"Hawa wanakuja kusumbua tu"

Hii ni ya kwetu sisi wafanyakazi na inaniudhi. Nyuma ya picha pameandikwa "mwanamke na mtoto", imekaa hivo miaka na miaka, anakuja mjukuu anasema huyu mbona shangazi Mwanaidi, na hapa ni barazani kwao. Hiyo taarifa huipati kwingine! Andika pale pale, weka jina la aliyesema na tarehe, ila sio kwa kalamu ya wino nyuma ya picha jamani. Wakipingana wenyewe kwa wenyewe andika yote mawili.

"Familia ya aliyetoa ndo familia yenye kitu"

Mara nyingi ndo hivo, lakini vigango, zile nguzo za mbao za kuchongwa za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, vinaonyesha sio siku zote. Kigango kinasimikwa kwa ajili ya marehemu na hakitakiwi kung'olewa, ila vingi viliibiwa vikauzwa nje, na wanunuzi wakaja kuvitoa zawadi kwa makumbusho za Marekani. Ile ya Denver ilirudisha Kenya vigango 30. Ngadji nayo, ngoma kubwa ya Wapokomo wa Mto Tana, maofisa wa kikoloni waliichukua, British Museum wakaipokea 1908, na walipokwenda kuiona wenyewe wa Tana ilibidi wapelekwe stoo.

Wageni wa namna hii usiwape ile fomu ya kawaida ya familia za watoaji. Ina kisanduku cha "uhusiano wako na aliyetoa", sasa wao wajaze nini hapo?