Hita Isipopasha Maji Dodoma, Anza na Chokaa

Kipupwe kikiingia Juni, mafundi umeme wa Dodoma hawapumziki. Simu zinazoingia zinafanana: hita haipashi, maji yanatoka vuguvugu, breka inaanguka kila mtu akitaka kuoga. Wengi wanakimbilia dukani kununua elementi mpya, yaani bomba la chuma linalopasha maji ndani ya hita, wanaifunga, na baada ya muda tatizo linarudi lilelile. Kama mkufunzi wa ufundi wa majumbani, ombi langu kwa wakazi wenzangu ni hili: kabla hujailaumu hita, chunguza maji yanayoingia ndani yake.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji letu hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora. Maji ya chini ya ardhi hubeba madini ya kalsiamu na magnesiamu, ndiyo maana sabuni inagoma kutoa povu na birika la umeme linaota utando mweupe. Maji hayo yakipashwa moto, madini hujitenga na kuganda kama chokaa pale penye joto kali kuliko pote, yaani juu ya elementi.

Fungua hita iliyokaa miaka bila kusafishwa ujionee. Elementi ambayo ilikuwa inang'aa sasa imevikwa ganda la kijivu lenye magamba, mikunjo yake imezibana hadi hakuna nafasi kati ya bomba na bomba. Chini ya tangi kuna vipande vya chokaa vinavyokwaruzana ukilitikisa. Ganda hilo huzuia joto kutoka. Elementi inajiunguza yenyewe hadi waya wa ndani unakatika, au bomba lake linapasuka na umeme kuvujia kwenye maji.

Dalili zake zinasomeka. Hita ya lita 100 yenye elementi ya kilowati 2 huhitaji takribani saa mbili na dakika ishirini kuyatoa maji nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi, na hula karibu uniti 4.7 za LUKU. Kama tangi lilikuwa la baridi na taa ya hita inazima baada ya nusu saa huku maji yakiwa vuguvugu, huenda thamostati, kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililopangwa, inadanganywa na joto lililofungiwa na chokaa, au imekufa. Kama taa inawaka saa tatu nzima na maji ni baridi vilevile, elementi imekatika. Fundi athibitishe kwa mita kabla hujatoa hela: elementi nzima ya kilowati 2 kwa umeme wa volti 230 husoma ukinzani wa takribani omu 26. Hita inayounguruma ikiwa kazini nayo ina chokaa, kwa sababu maji yaliyonaswa chini ya ganda yanachemka na kutoa mapovu ya mvuke. Na maji ya moto yakitoka kidogo kuliko ya baridi, anza kwa kufungua kichwa cha shawa. Mara nyingi vitundu vyake vimezibwa na magamba hayohayo.

Breka ikianguka, usiirudishe mara ya pili na ya tatu ukitumaini itatulia. Zima hita, watu wasioge kwa maji yake, mwite fundi. Nyumba isiyo na waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme unaovuja) uliofungwa sawasawa, wala breka ya kukata umeme unaovuja kwa miliampia 30, haifai kabisa kuwa na hita bafuni. Hili silipunguzii uzito kwa mtu yeyote.

Jambo jingine linalonitia hofu ni valvu ya usalama, ile inayotoa maji shinikizo la tangi likizidi. Ikidondosha matone wakati hita inapasha, ni kawaida: maji lita 100 yakifika nyuzi 60 huongezeka kwa takribani lita moja na nusu, na yanahitaji pa kutokea. Kuna watu huiziba kwa kijiti au kuifunga mpira ili sakafu isilowe. Tafadhali msifanye hivyo. Thamostati ikigoma kukata siku hiyo, tangi linaweza kupasuka na kuua. Lakini ikivuja mfululizo hata hita ikiwa ya baridi, ibadilishwe.

Wenye hita za jua wana shida zao chache. Vumbi la kiangazi lifutwe kwenye vioo, na paneli ielekee kaskazini, maana Juni na Julai jua letu la mchana liko upande huo. Mirija ya vioo iliyokauka juani usiiingizie maji ya baridi saa sita mchana, itapasuka.

Usafishaji ufanyike mara moja kwa mwaka, Aprili au Mei ni wakati mzuri. Fundi azime swichi kuu, apime kwa testa, aache maji yapoe, amwage tangi, kisha aichomoe elementi na kuiloweka kwenye siki au asidi ya sitriki hadi ganda lilainike. Asiliparue kwa bisibisi. Aangalie pia fimbo ya magnesiamu inayolikinga tangi na kutu. Ikiwa imeliwa, aweke nyingine. Thamostati irudishwe nyuzi 60, kwani juu ya hapo chokaa huganda haraka zaidi. Na kwa jinsi mgao wa maji ulivyo, hita isiwashwe kwanza: fungua koki ya maji ya moto, subiri hadi maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo uwashe.