Daktari aandike nini? Kuomba marekebisho chuoni ukiwa na ulemavu

Barua nyingi za daktari zinazofika mezani kwangu zina mstari mmoja tu wa maana, nao ni jina la ugonjwa. "Inathibitishwa kuwa ana kifafa." "Ana uoni hafifu." Muhuri upo, saini ipo, na bado sijui nimpangie nini mwanafunzi aliyekaa mbele yangu. Kazi yangu ni kushughulikia maombi ya marekebisho ya wanafunzi wa chuo wenye ulemavu, yaani mabadiliko katika namna wanavyosoma na kufanya mitihani. Jambo ambalo natamani kila mmoja alijue kabla hajabisha hodi ni kwamba ofisi kama yangu haipangi msaada kwa kuangalia jina la ugonjwa. Inaangalia ulemavu huo unakuzuia kufanya nini, katika mazingira gani, na kwa kiasi gani.

Chukua kifafa. Kuna anayeshikwa usiku, akaamka na kichwa kizito na kumbukumbu inayoyumba hadi mchana. Kuna mwingine ambaye hajashikwa kwa muda mrefu, ila dawa zinazomtuliza zinampunguzia kasi ya kukumbuka maneno. Ugonjwa ni ule ule, lakini wa kwanza anahitaji mitihani ya mchana na wa pili anahitaji muda wa ziada. Ukiwapa wote wawili muda wa ziada, wa kwanza utakuwa umemrefushia mateso ya asubuhi tu.

Barua inayonisaidia inaandikwa hivi: "Kifafa humshika usiku. Asubuhi inayofuata huwa na usingizi mzito, maumivu ya kichwa na kumbukumbu dhaifu kwa saa kadhaa. Napendekeza mitihani yake ianze baada ya saa sita mchana, na akishikwa usiku wa kuamkia mtihani, aruhusiwe kuufanya siku nyingine." Sentensi tatu, na mtu wa ratiba anajua la kufanya. Kwa hiyo unapokwenda kwa daktari, usimwombe "barua ya chuo" ukaishia hapo. Mweleze siku yako ya masomo ilivyo: mihadhara ya saa mbili mfululizo, maabara za kusimama, mitihani ya kuandika kwa mkono, kurasa za kusoma kila wiki. Yeye anaujua mwili, lakini ratiba yako unaijua wewe.

Wanaotoka sekondari hushtushwa na jambo jingine. Kule mwalimu aliona unahangaika akamwita mzazi, na mambo yakapangwa bila wewe kufungua mdomo. Chuoni, usiposema, hakuna anayejua. Nchini Marekani, chini ya Kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji (Rehabilitation Act) ya mwaka 1973 na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, chuo hakina wajibu wa kukutafuta. Mwanafunzi ndiye anayejitokeza na kuomba. Uingereza, sheria ya usawa ya mwaka 2010 inavitaka vyuo vijiandae mapema bila kusubiri mwanafunzi fulani aombe, lakini hata huko mpango wa mtu mmoja mmoja hauanzi mpaka mwenyewe aseme. Juu ya hizo zote upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Ibara ya 24 inaitaja elimu ya juu waziwazi, na Ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi, ilimradi hayaleti mzigo uliopitiliza. Unapoomba, basi, huombi hisani, wala huna haja ya kuomba radhi katika kila sentensi kama ninavyosikia mara kwa mara.

Muda wa ziada ndio ombi linalotangulia mdomoni kwa karibu kila mtu. Kwa wengi ni sahihi: mwenye disleksia (ugumu wa kusoma) anayesoma swali mara tatu, au anayeandika kupitia kwa mtu mwingine. Uingereza nyongeza ya kawaida ni robo ya muda wa mtihani. Marekani mara nyingi ni nusu, na wakati mwingine muda huongezwa mara mbili. Lakini mwenye maumivu makali ya mgongo, ukimwongezea saa umemwongezea saa ya kukaa. Anachohitaji ni kusimama na kunyoosha mgongo huku saa yake ya mtihani imesimamishwa. Mwenye kisukari anahitaji ruhusa ya kuingia na kipimo cha sukari na kitu cha kula. Anayevurugwa na kila kikohozi ukumbini anahitaji chumba kidogo, na akishakipata, pengine hatagusa hata dakika moja ya ziada. Fikiria kwanza ni kitu gani hasa kinakukwamisha, ndipo uombe.

Vitabu ndivyo vinavyochukua muda mrefu kuliko yote, na hapa ndipo wanafunzi wasioona wanapoumizwa bila sababu. Mhadhiri anapiga picha sura ya kitabu, anaihifadhi kama PDF, anaituma kwa darasa zima. Mwenye macho anaona aya. Mwanafunzi asiyeona anaifungua kwa kisoma skrini, yaani programu inayosoma maandishi kwa sauti kama NVDA au JAWS, na programu inamtangazia hati tupu, kwa sababu ndani ya faili hilo hakuna herufi hata moja, ni picha tu. Kuligeuza kuwa maandishi kuna programu zake, ila lazima mtu akae asahihishe majedwali, milinganyo na tanbihi, na hesabu za nukta nundu huchukua muda zaidi. Ndiyo maana nasisitiza uombe orodha ya vitabu wiki kadhaa kabla muhula haujaanza. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umerahisisha kazi hii: katika nchi zilizojiunga, taasisi zinazoruhusiwa zinaweza kutengeneza nakala inayosomeka na kubadilishana na nchi nyingine bila kusubiri ruhusa ya mchapishaji.

Kwa viziwi hali inafanana. Somo refu huhitaji wakalimani wawili wa lugha ya alama, wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, maana akili ya mkalimani huchoka na tafsiri huanza kupungua mwanafunzi asijue amekosa nini. Tena wakalimani hao wanahitaji maelezo ya mhadhara mapema, wakubaliane na mwanafunzi alama za istilahi ngumu kabla hawajaingia darasani.

Kuna yasiyobadilishwa. Mwanafunzi wa uuguzi lazima aonyeshe kwamba anajua kukokotoa kipimo cha dawa. Hapo hakuna msamaha. Ila kama hasikii vizuri, anaweza kusikiliza moyo wa mgonjwa kwa stetoskopu yenye kikuza sauti. Mhadhiri akikuambia "hilo ni sharti la kozi", muulize kwa upole: sharti ni ujuzi wenyewe, au ni namna tuliyozoea kuupima?

Wazo hili, la kubadilisha mazingira badala ya mtu, lina historia. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kulala ndani ya mashine ya kupumulia, aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kikwazo kikubwa kilikuwa malazi: hakukuwa na bweni la kupokea mashine ile nzito. Akapewa chumba katika hospitali ya chuo, wengine wenye ulemavu wakamfuata, na mwaka 1970 wanafunzi hao wakawa na mpango wao wa huduma hapo chuoni. Polio yake haikuondoka. Kilichobadilika ni chumba.

Kuhusu siri: utaratibu mzuri ni kwamba barua ninayompelekea mhadhiri inataja marekebisho tu, haitaji ugonjwa. Ukitaka kumweleza zaidi ni hiari yako. Kama huna vyeti bado, njoo hivyo hivyo. Kumbukumbu za mitihani ya sekondari na maelezo yako mwenyewe vinaweza kutosha kwa mpango wa muda wakati vipimo vinasubiriwa. Usingoje kufeli kwanza, kwa sababu kwa kawaida marekebisho hayarudi nyuma kufuta alama zilizokwisha kutoka. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha ukate rufaa ukijibu sababu hiyo hiyo, siyo nyingine.

Mwisho ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wengi huyasahau. Barua iliyokubaliwa kwa ajili ya mihadhara haikufuati moja kwa moja hospitalini, kiwandani au shuleni unakopelekwa, kwa sababu huko kuna msimamizi mwingine, zamu nyingine na majengo mengine. Omba kikao cha watu watatu, wewe, ofisi ya chuo na msimamizi wa huko, kabla nafasi hazijagawiwa, na kama unatumia kiti cha magurudumu, nenda ukaione ngazi, lifti na choo kwa macho yako.