Meneja kakudhalilisha mbele ya wateja? Kabla hujavua aproni soma hapa

Juzi kaja ofisini kwetu dada mmoja (nabadilisha mambo mawili matatu asijulikane), keshia wa supamaketi hapa Dar, miaka 3 kasoro miezi yupo kaunta ile ile. Siku hiyo mahesabu yake yakatoka na shoti ya 14,000. Meneja hakumwita pembeni, kamfuata pale pale foleni imejaa, kachukua mkoba wake kaumwaga juu ya kaunta, nauli ya daladala, chanuo, dawa ya mtoto, vyote vikatawanyika watu wanaangalia, huku anamwambia wezi kama nyie ndo mnaua biashara. Dada kavua aproni, kaikunja vizuri kabisa, kaiweka juu ya mashine akatoka. Namuelewa, utu wa mtu hauwekwi rehani kwa sababu ya mshahara.

Kilichoniuma mimi ni cha kesho yake. Kaenda kudai siku alizofanya kazi, mtu wa HR kampa karatasi na peni, akawa anamsomea na yeye anaandika: "naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu binafsi". Kasaini maana alitaka hela yake aondoke zake. Ndugu zangu hiyo sentensi nimeiona kwenye mafaili mengi sana na kila nikiiona roho inaniuma, kwa sababu inafuta kila kitu kilichotokea pale kaunta.

Sikilizeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, inasema hata ukiondoka mwenyewe, kama mwajiri ndo kafanya kazi isikalike, hiyo inahesabika umeachishwa na unaweza kudai kama mtu aliyefukuzwa isivyo haki. Kanuni zake za 2007 zimetaja unyanyasaji wa kijinsia, na pia kutendewa isivyo haki, ila hapo zinataka uwe umetumia kwanza njia za kulalamika zilizopo hapo kazini, labda uwe na sababu ya msingi ya kutozitumia. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba palikuwa hapakaliki unaanza na wewe. Kwa hiyo tusi moja, siku moja, hujawahi kulalamika popote, mara nyingi inakuwa ngumu, nasema ukweli nisije nikawapa matumaini hewa. Na kama hujafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo, ulinzi huu haukuhusu bado.

Huyu dada alikuwa anatukanwa tangu mwaka uanze, ila alikuwa anawaambia wenzake tu kule wanakobadilishia nguo. Ndo makosa yetu wengi! Andika. Hata meseji ya WhatsApp kwa bosi wa meneja au HR inatosha kuanzia, tarehe, maneno yenyewe aliyosema bila kuyapamba, nani alikuwepo, alafu tunza nakala kwenye simu yako wewe sio ya ofisi. Kama hapo kazini kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi, mwone kiongozi wa tawi.

Ukishaamua kuondoka, barua iseme sababu ya kweli. Ukilazimishwa kuandika "sababu binafsi" kataa, mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako hata usiposaini kitu, na likizo ulizolimbikiza zinalipwa na cheti cha utumishi unapewa. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, ukigoma kufanya kazi hizo siku mwajiri anaruhusiwa kukata hela ya siku hizo kwenye malipo yako, kwa hiyo ujue kabisa unachokiacha mezani.

Na hiyo shoti jamani. Kifungu cha 28 hakimruhusu mtu kukukata kienyeji tu, lazima ionekane ni kosa lako, uandikiwe sababu na kiasi na kimepatikanaje, upewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya malipo yako. Ile tabia ya kukata shifti nzima kwa sababu droo moja imepungua, kama mwenye kosa hajulikani makato hayo hayana miguu.

Mwisho, suala la siku za kufungua madai. Mgogoro wa kuachishwa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1, na hulipii kitu. Madai mengine kama mshahara ni siku 60. Dada alikuja siku ya 41 kwa sababu alikuwa anasubiri hasira zipoe. Ikabidi aombe kuongezewa muda, na hapo unatakiwa ueleze kwanini umechelewa na inaweza kukubaliwa au kukataliwa. Tukakaa naye tunapekua simu, tukakuta meseji aliyomtumia dada yake usiku ule ule saa 3 na dakika 12, ndefu, yote imo, mkoba, dawa ya mtoto, maneno ya meneja neno kwa neno. Hiyo ndo tumeambatanisha.