Bendi huru ya roki na pesa za muziki wake

Wapenzi wengi wa roki huamini kwamba bendi huru, kwa kuwa haiko chini ya kampuni kubwa ya kurekodi, hufanya kila kitu yenyewe na kutia mfukoni kila senti inayoingia.

Imani hiyo ina msingi wake, ila hesabu haziendi hivyo. Bendi nyingi huru zina mkataba na lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya kurekodi, na mtindo uliozoeleka huko ni kugawana faida nusu kwa nusu, tena baada ya gharama za studio, matangazo na santuri kurudishwa. Hata isiyo na lebo kabisa humlipa msambazaji anayeufikisha muziki mtandaoni, ama kwa ada ya mwaka, ama kwa asilimia ya mapato. Kwenye ziara kuna mafuta ya gari, fundi sauti na wakala. Baadhi ya kumbi hukata fungu hata kwenye mauzo ya fulana za bendi. (Na fulana, mara nyingi, ndizo zinazolifikisha gari mji unaofuata.)

Kuhakiki nani ana haki ya rekodi si kazi kubwa. Geuza jalada la albamu, au fungua maelezo yake mtandaoni, utafute alama ya ℗, yaani P ndani ya duara. Hufuatwa na mwaka na jina la mwenye haki ya rekodi. Ukikuta jina la lebo, basi rekodi iko mikononi mwake, kwa kuimiliki au kwa leseni. Utunzi ni haki nyingine kabisa: rekodi inaweza kuwa ya lebo, huku utunzi ukibaki kwa mpiga gitaa aliyeuandika wimbo.