Mzunguko wa chaji: maana yake, na kinachochosha betri ya kompyuta mpakato

Mzunguko mmoja wa chaji hutimia pale kompyuta inapokuwa imetumia umeme wa betri unaolingana na asilimia 100 ya ujazo wake. Idadi ya mara ulizochomeka chaja haihesabiwi. Ukitumia asilimia 60 leo, ukachaji usiku, kesho ukatumia asilimia 40, ndipo mzunguko mmoja unakuwa umekamilika. Anayechomeka chaja mara nne kwa siku, akiongeza kidogo kidogo, anaweza kulala bila kufikisha hata mzunguko mmoja.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu Dar es Salaam imejaa watu wanaoogopa kuchomeka chaja. Wameambiwa kila wakichomeka mzunguko unahesabiwa, hivyo wanasubiri mpaka kompyuta izime yenyewe. Ushauri huo ulifaa zama za betri za nikeli na kadimi, ambazo zikichajiwa mara kwa mara kabla hazijaisha zilipoteza sehemu ya uwezo wake. Kompyuta mpakato za leo hutumia lithiamu-ioni, aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo mwaka 2019 iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia. Betri hizi hazina tabia hiyo. Tena kuzikausha mpaka sifuri kunazichosha kuliko kuzitumia nusunusu. Fundi akikwambia uiache izime kabisa kisha uichaji saa nane mfululizo ili ipone, kitakachorekebika ni kipimo cha asilimia tu, kisome kwa usahihi zaidi. Ujazo uliopotea haurudi.

Watengenezaji hutaja idadi ya mizunguko ambayo betri inatarajiwa kufika ikiwa bado inashika takriban asilimia 80 ya ujazo wake wa mwanzo. Apple hutaja mizunguko 1,000 kwa MacBook za miaka ya karibuni. Kwa kompyuta nyingi za bei ya kawaida, 300 hadi 500 ndiyo hesabu ya kutarajia. Ikivuka hapo betri haifi, ila muda wa kukaa na chaji unazidi kupungua.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuchanganya huko kunawagharimu. La kwanza ni chaji ya leo itafika saa ngapi. La pili ni betri yenyewe itadumu miaka mingapi. Fikiria ndoo ya maji: chaji ni kimo cha maji ndani yake, na afya ya betri ni ukubwa wa ndoo. Kupunguza mwanga wa skrini kunafanya maji yatoke polepole. Kuizuia ndoo isisinyae ni kazi nyingine.

Tuanze na la kwanza, kwa kuwa ni jepesi. Ujazo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 45 kwenye kompyuta inayovuta wati 9 itakaa saa tano. Kompyuta hiyohiyo ikivuta wati 15, utapata saa tatu. Kwa kazi za kawaida za kuandika na kusoma, skrini ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote, kwa hiyo kushusha mwanga wake kunaokoa kuliko hila nyingine utakazosikia. Kinachofuata ni kivinjari chenye vichupo vingi vilivyo wazi, hasa vyenye video. Windows inakupa hali tatu za nishati, kuanzia ya kubana matumizi mpaka ya nguvu zote, na pia ina kibana chaji (battery saver, au energy saver kwenye matoleo mapya) ambacho kwa kawaida hujiwasha chaji ikishuka sana. Unaweza kukiwasha mapema zaidi. Ukiwa maktaba pale Mlimani bila soketi karibu, kiwashe tangu asubuhi na hutaona tofauti yoyote kwenye uandishi wako.

La pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu ndilo linalowatoa watu fedha mfukoni.

Ndani ya betri, ioni za lithiamu husafiri kati ya upande wa grafiti na upande wa oksidi za metali. Kila zinaposafiri, na hata zikiwa zimetulia, kiasi kidogo cha lithiamu hunaswa kwenye utando unaojijenga juu ya grafiti, na kilichonaswa hakishiriki tena katika kazi. Mizunguko huongeza unaswaji huo. Lakini yapo mambo mawili yanayouharakisha hata kama kompyuta haitumiki: joto, na betri kukaa imejaa. Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni ikijaa hufika volti 4.2, na kwenye volti hizo kemikali zake hazitulii.

Kwa makadirio yanayotumiwa sana na watu wa fani ya betri, betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa imejaa, hubaki na 80. Panda mpaka nyuzi 40 na ile ya asilimia 40 hubaki na 85, wakati iliyojaa hushuka mpaka 65. Hapo haijatumika hata mzunguko mmoja. Imekaa tu.

Sasa leta hesabu hiyo nyumbani. Kati ya Desemba na Machi, mchana wa Dar hufika nyuzi 31 au 32 nje, kivulini. Chumba cha bati kisicho na dari kinazidi hapo. Kompyuta ikiwashwa, kichakataji huongeza joto lake, na betri iko sentimita chache tu kutoka hapo. Ukiiweka juu ya godoro au mto, matundu ya hewa yanazibwa na feni inahangaika bure. Kwa hiyo nyuzi 40 ndani ya mashine si jambo la ajabu kwetu, ni siku ya kawaida.

Ongeza mazoea yetu ya kuiacha kwenye chaja mchana kutwa. Mazoea hayo yana sababu. Miaka ya mgao ilitufundisha kwamba betri isiyojaa ni kazi itakayokatika katikati, na ingawa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa Februari 2024, tabia ya kujaza betri kila umeme unapokuwepo imebaki. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini betri inayokaa kwenye asilimia 100 katika joto la Sinza au Mbagala inazeeka upesi, na kitabu chake cha mizunguko kinaweza kusoma mia moja tu huku ujazo wake ukiwa umeshuka vibaya.

Dawa yake ipo ndani ya kompyuta nyingi na wengi hawajawahi kuifungua: kikomo cha chaji. Ukikiwasha, kompyuta inaacha kuchaji ikifika asilimia 80 hivi, kisha inaendelea kutumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Kwa Lenovo utakipata kwenye programu ya Vantage, kwa Asus kwenye MyASUS. Dell na HP pia wanacho, na kwenye baadhi ya mashine kimo katika mipangilio ya BIOS, ile inayofunguliwa kompyuta inapowaka kabla Windows haijaanza. Kama unafanya kazi mezani karibu na soketi siku nyingi za wiki, kiwashe leo. Siku ya safari ya Dodoma unaweza kukiondoa usiku uliotangulia, ujaze mpaka 100, halafu ukirudi ukirudishe. Kuitumia ikiwa imejaa hakuna madhara, tatizo ni kuiacha imejaa siku nenda siku rudi.

Jambo jingine linalohusu joto ni kufunga kifuniko. Watu wengi wakimaliza kazi hufunga tu na kuitia kwenye begi. Kompyuta inaingia usingizini, lakini kumbukumbu yake bado inalishwa umeme, na kompyuta nyingi za sasa hubaki zimeunganishwa na intaneti na kuamka zenyewe kupakua masasisho. Ndani ya begi, kwenye Mwendokasi iliyojaa kutoka Posta hadi Kimara, hewa haipiti. Unaitoa ikiwa ya moto na chaji imeshuka. Upo usingizi mzito zaidi, unaoitwa Hibernate, ambao kompyuta huandika kazi yako yote kwenye diski kisha inazima kabisa. Kwenye Paneli ya Kudhibiti (Control Panel) ya Windows, sehemu ya nishati, unaweza kuchagua kwamba kifuniko kikifungwa iingie usingizi huo. Kuamka kutachukua muda kidogo zaidi, ila kazi yako utaikuta palepale.

Kujua betri yako imefika wapi ni rahisi. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Windows itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti, ambayo hufunguka kwenye kivinjari. Tafuta DESIGN CAPACITY, ujazo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo wa sasa. Namba zake ni za miliwati-saa, hivyo 50,000 ni wati-saa 50. Kama wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 38,000, umebaki na asilimia 76. CYCLE COUNT ni idadi ya mizunguko, ingawa baadhi ya kompyuta huacha nafasi hiyo wazi.

Ripoti hii ni silaha yako unaponunua kompyuta iliyotumika Kariakoo. Muuzaji atakuonyesha asilimia 100 kwenye kona ya skrini, nayo haisemi lolote kuhusu ukubwa wa ndoo. Mwombe kwa heshima uandike ile amri. Ikionekana betri imebaki na nusu, una hoja ya kushusha bei. Pitisha pia mkono juu na chini ya mashine: kama kibao cha kusogezea mshale kwa kidole (touchpad) kimeinuka au kifuniko cha chini kimetuna, betri imevimba kwa gesi. Hiyo haichajiwi wala haitobolewi, inatolewa na fundi.

Ukilazimika kununua betri nyingine, linganisha namba ya betri iliyoandikwa kwenye lebo ya ile ya zamani, kisha volti, kisha wati-saa. Tofauti ndogo kama 10.8 na 11.1 hutokana na namna ya kuhesabu volti za seli zilezile tatu, lakini ya 11.1 na ya 14.8 si betri moja hata kama zinaingia tundu moja. Ikishawekwa, toa ripoti tena palepale dukani kabla ya kulipa, uone kama ujazo wa sasa unakaribia ule ulioandikwa kwenye lebo.